Ndugu akikamatwa Marekani kwa kuvunja nyumba, msikimbilie kulipa dhamana

Habari zikifika kwamba ndugu amekamatwa kwa tuhuma za wizi wa kuvunja nyumba, kitu cha kwanza huwa ni kufungua kundi la WhatsApp na kuanza kuchangishana. Moyo huo ni mzuri. Ila kabla ya pesa kutoka, ulizeni: ndugu yetu ana makaratasi gani?

Januari 2025 ilisainiwa sheria ya shirikisho iitwayo Laken Riley. Inaiagiza idara ya uhamiaji, ICE, kumshikilia mgeni aliyeingia nchini bila kibali, au kwa hati za udanganyifu, endapo amekamatwa au kushtakiwa kwa wizi, na kuvunja nyumba kumetajwa waziwazi. Kukamatwa tu kunatosha, hata kabla ya mahakama kusema ana hatia. Na alama za vidole zinazochukuliwa jela hufika uhamiaji zenyewe, bila mtu kupiga simu.

Kwa hiyo hutokea hivi: familia inalipa, jela inaandaa kumwachia, kumbe ICE wameshaiomba jela hiyo imzuie hadi saa 48 zaidi ili waje kumchukua. Anahamishiwa mahabusu ya uhamiaji, labda jimbo jingine. Tarehe ya kesi ya wizi inafika, hayupo mahakamani. Ndiyo maana nasema muoneni wakili wa uhamiaji kwanza, hata ikibidi ndugu alale ndani usiku mmoja zaidi. Wakili wa utetezi anaweza kuuliza jela kama kuna ombi la ICE.

Kama makaratasi yake yako sawa, dhamana yenyewe si fumbo. Kaunti nyingine zina viwango vilivyopangwa, mtu analipa hata kabla ya kuonana na hakimu. Kwingine husubiriwa hakimu, anayeangalia rekodi yake, kazi, makazi, na uwezekano wa kutoroka. Kuvunja nyumba ya kuishi watu huhesabiwa kuwa kosa zito kuliko kuvunja duka lililofungwa, na katika majimbo mengi kosa hutimia mtu akiingia kwa nia ya kuiba, hata akitoka mikono mitupu.

Ukilipa taslimu mahakamani kiasi chote, pesa hurudi kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amehudhuria kila alipoitwa, ingawa mahakama nyingine hukata faini na ada kwanza. Hurudishwa kwa aliyeandikwa kwenye risiti, basi kama ni michango, chagueni mapema jina la kuandikwa. Ukipitia wakala wa dhamana, yaani mfanyabiashara anayemdhamini mshtakiwa kwa ada, kwa kawaida unampa asilimia 10 ya dhamana. Dhamana ikiwa dola 20,000, unatoa 2,000, na hizo hazirudi hata mashtaka yakifutwa. Lililo zito zaidi ni sahihi yako: ndugu akitoroka, wewe uliyesaini ndiye unayedaiwa zile 20,000, na gari au nyumba uliyoweka rehani inaweza kwenda. Illinois ilifuta dhamana ya pesa Septemba 2023. Kentucky, Oregon na Wisconsin hazina mawakala hao kabisa.

Simu za jela hurekodiwa. Msizungumze naye habari za tukio, na Kiswahili kisiwadanganye kuwa ni siri, wakalimani wapo. Muulizeni tu afya yake na jina la wakili wake.

Mwenye grini kadi naye asijione salama. Kesi ya kuvunja nyumba ikimalizika kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, hata kilichoahirishwa, inaweza kumfukuzisha nchini. Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Marekani inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja wake athari za uhamiaji kabla hajakiri kosa. Amdai maelezo hayo. Mahakama ya jinai humpa wakili bure asiyejiweza. Ya uhamiaji haimpi, hivyo sehemu ya michango itengwe kwa ajili hiyo.

Akishatoka, asikose tarehe hata moja. Na wazee wasitume ujumbe kwenda kumwomba msamaha mlalamikaji. Hakimu akishakataza mawasiliano, salamu hiyo ya heri inaweza kumrudisha ndani na hata kuzaa shtaka jipya la kuingilia shahidi.