Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumtenga Mzee Nyumbani

Tarehe 16 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Tanzania na shule zikafungwa siku iliyofuata, kikao cha familia yetu hakikuchukua hata nusu saa. Mama, mwenye umri wa miaka 71, presha na sukari, asitoke nyumbani kwake Magomeni. Mjukuu aliyekuwa akiishi naye arudi kwa wazazi wake Mbagala, maana kijana hakai ndani. Uamuzi wa kumkinga ulikuwa sahihi, na ningeurudia hata leo. Tulichokosa ni maandalizi, na ninaposema maandalizi sizungumzii sabuni.

Yaliyo wazi niyamalize upesi. Ndoo ya kunawia yenye koki ikae mlangoni, na kila anayeingia anawe kabla ya kusalimia. Barakoa avae mgeni pia, si mzee peke yake. Mazungumzo yafanyike barazani penye upepo, si sebuleni. Unga, mchele, maharage na mafuta viwepo vya wiki mbili, na mboga ziletwe na mtu mmoja, yule yule kila mara, ili ijulikane ni nani anayeingia na kutoka.

Dawa ziwepo za mwezi mzima, na siku ya kununua nyingine iwe wiki moja kabla hazijakwisha, si siku ya kidonge cha mwisho. Majina yake, nguvu yake na saa za kumeza viandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye mlango wa kabati, kwa sababu siku mzee akizidiwa, atakayeulizwa na daktari ni mtu asiyezijua.

Maji yakiwekwa akiba, mapipa yafunikwe kabisa. Mwaka 2019 dengue iliipiga Dar es Salaam vibaya, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama na huuma mchana, yaani saa zile zile ambazo mzee wako ameketi uani akipunga upepo. Haifai kumficha mtu na ugonjwa mmoja huku ukimfugia mwingine nyuma ya nyumba.

Kuhusu misiba, amueni mapema. Mzee aliyezikana na watu wa mtaa wake kwa miaka hamsini hawezi kuambiwa asubuhi ya msiba kwamba asiende; atakwenda, na atakwenda kwa hasira. Kubalianeni naye kabla, akiwa ametulia, ni mtoto gani atakayemwakilisha, rambirambi itatumwa vipi, na nani atawaeleza wafiwa kwa mdomo wake kwamba Bibi hakudharau. Kwetu hili tulilipanga vizuri, na lilitufanya tuamini kuwa tumepanga yote.

Sasa nije kwenye lililotugharimu. Mjukuu alipoondoka tulihesabu kitanda kimoja kitupu na sahani moja iliyopungua, lakini hatukuhesabu kazi alizokuwa akizifanya bila kutumwa. Ndiye aliyekuwa akiingiza namba za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa mita imefungwa juu ya mlango na mama haoni tarakimu zake hata akivaa miwani. Ndiye tuliyeamini kuwa ana ufunguo wa pili wa kufuli la geti la nondo, na hakuna aliyemwuliza. Juu ya hayo, mimi mwenyewe nilimkataza mama kufagia uwanja alfajiri, kwa hofu kwamba wapita njia wangesimama kumwamkia, naye hajui kuitikia shikamoo ya mtu bila kumsogelea. Uwanja ule ameufagia kwa ufagio wa chelewa tangu sijaanza shule.

Siku chache kabla ya Ramadhani, masika yakiwa yamekolea, umeme wake uliisha kama saa mbili usiku. Alinipigia simu. Nilinunua LUKU, nikamtumia ujumbe wenye tarakimu zake 20, nikamwandikia, "Mama, tayari," kisha nikalala. Simu yangu ilionesha kuwa ujumbe umefika, nami nikahesabu kwamba taa imewaka. Kumbe mama alipanda kigoda gizani, akaingiza namba mara mbili na mita ikazikataa, akashuka kutafuta mshumaa, na maji ya mvua yaliyopenya chini ya mlango wa uani yakamtelezesha. Alivunjika nyonga. Aliita mpaka sauti ikakauka, lakini mvua iliyokuwa ikipiga mabati ilimmeza, na simu ilikuwa mezani.

Kulipokucha, jirani yetu, ambaye nyumba yake na ya mama zinatenganishwa na kichochoro cha hatua mbili, hakushangazwa na ukimya. Baadaye aliniambia kwa upole ulioniuma kuliko lawama: "Mwanangu, zamani nisiposikia ufagio wa mama yako kabla sijawasha jiko, ningekwenda kugonga. Mlipomkataza kufagia, nikazoea kimya."

Nilifika saa tano asubuhi na kikapu cha mboga, nikasikia sauti yake ndogo ikiniita kwa jina la utotoni, na sikuweza kuingia. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa ndani, na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga aliyoivaa, mahali ambapo mkono wangu niliouingiza katikati ya nondo haukufika hata nusu ya njia. Aliitwa fundi wa kuchomelea kutoka mtaa wa pili. Alikuja na grainda yake, akauliza pa kuichomeka, ndipo nilipokumbuka kuwa ndani hamna umeme. Waya ulivutwa kutoka kwa jirani kupitia dirishani. Kulikata kufuli lenyewe hakukuchukua muda. Kilichotumaliza ni zile dakika arobaini za kumtafuta fundi na kuunga waya, na kabla ya hapo mama alikuwa amelala kwenye sakafu yenye maji kwa muda wa takriban saa kumi na nne. Alipona, ila anatembea kwa gongo, na hajawahi kunilaumu kwa neno lolote.

Kwa hiyo, kabla hujamtenga mzee wako, shinda naye siku moja nzima, tangu anapoamka hadi anapofunga mlango, ukiwa na daftari. Andika kila kitu kinachofanywa na mtu mwingine humo ndani, hata kile kinachoonekana si kazi: anayeshusha ndoo, anayemsomea ujumbe, anayekumbuka kununua betri za redio, anayekohoa chumba cha pili usiku mzee akajua kuwa hayuko peke yake. Kila mstari wa daftari hilo upewe mtu wa kuubeba. Umeme ununuliwe kabla haujakaribia kuisha, wala si mzee wa kukuarifu kuwa umeisha, na namba ziingizwe mchana na mtu mwenye macho mazima. Ukimtumia chochote kwa simu, mpigie mpaka usikie kwa sauti yake kwamba kimefanya kazi.

Alama ya uzima ichaguliwe katika mambo ambayo mzee anayafanya siku zote, kwa sababu alama ya kubuni ataisahau siku ya tatu. Mama alirudishiwa ufagio wake. Siku hizi anafagia sehemu ya uani tu, akiwa ameketi kwenye kigoda, na jirani anasikia. Kwa mwingine yaweza kuwa redio ya saa kumi na mbili au dirisha la jikoni kufunguliwa. La lazima ni kwamba jirani aambiwe waziwazi kuwa anategemewa, na aambiwe pia afanye nini asiposikia. Simu ya kitochi ivaliwe shingoni kwa kamba, pamoja na kwenda nayo chooni, hata akilalamika kuwa inamfanya aonekane kama mtoto wa chekechea.

Ugonjwa wenyewe nao unahitaji macho. Mzee anaweza kuambukizwa asipandishe homa wala kukohoa sana. Akianza kuchanganya siku, kukataa chakula au kuishiwa nguvu ghafla, usiseme ni utu uzima. Kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinasaidia, ila kidole kiwe na joto na kisiwe na rangi ya kucha wala piko, na usomaji ukishuka chini ya 94 usisubiri kesho. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Awepo pia mwenye bajaji au teksi aliyekubali mapema, kwa mdomo wake, kubeba mgonjwa saa nane za usiku. Kujifukiza kulishika kasi sana mwaka ule. Sina ugomvi na mchaichai wala mwarobaini, lakini mvuke hauondoi virusi mwilini, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi, likishikwa na mikono inayotetemeka, humwunguza mtu mapaja kabla hajajua.

Yako na mengine madogo. Ndoo zisiachwe kwenye njia ya kwenda chooni, na mkeka unaoteleza uondolewe hata kama ni wa harusi yake. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Asimfungulie mtu asiyemjua anayedai ametumwa kupuliza dawa, na ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" aufute bila kuujibu. Atembee uani kila siku, hata mizunguko mitano, maana miguu isiyotumiwa hulegea upesi. Ufunguo wa akiba ukae kwa jirani, na ujaribiwe kwenye kufuli mbele yake kabla hajaupokea, kwa sababu ule aliotuletea mjukuu jioni ile kutoka Mbagala, akihema, ulikuwa wa kabati la nguo.