Jinsi ya kubadilishana na kuonja eli za dhahabu zilizopikwa nyumbani: mwongozo kwa wapikaji wa Tanga

Katika bia zote ambazo mtu anaweza kuzipika nyumbani kwake, eli ya dhahabu (eli ni bia ambayo hamira yake huchacha katika joto la juu kuliko ya laga) ndiyo inayofaa zaidi kupelekwa kwa mwenzake aionje, kwa sababu haina pa kuficha kosa. Bia nyeusi ina kimea kilichokaangwa ambacho hufunika mengi, na bia iliyojaa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huziba pua kabla mwonjaji hajaifikia kazi ya hamira. Eli ya dhahabu ni nyepesi, rangi yake ni ya majani makavu hadi dhahabu, kilevi chake ni kati ya asilimia 3.8 na 5, na uchungu wake ni wa wastani. Kwa hiyo huonyesha wazi kila kilichofanyika tangu sufuria ilipobandikwa mpaka kizibo kilipogongwa. Waingereza walianza kuipika katika miaka ya 1980 kwa nia ya kuwavuta wanywaji waliozoea laga, na Exmoor Gold ya Somerset, iliyotoka mwaka 1986, ni miongoni mwa zile za mwanzo. Kwa mji kama Tanga, ambako wanywaji wengi wamezoea laga baridi, hii ni eli isiyomshtua mgeni.

Kuipika peke yako na kuinywa peke yako, hata hivyo, hakukufundishi sana, kwa kuwa pua huzoea kasoro za nyumbani mpaka ikaacha kuzisikia. Ndiyo sababu ya kubadilishana chupa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kikao cha wapikaji kinachoishia kwenye kusifiana huwa kimepoteza bia nzuri bure. Yote yanayofuata yanalenga jambo moja, nalo ni kumwezesha mwonjaji aseme kweli na mpikaji aitumie.

Kubalianeni kabla ya kupika

Kikundi cha watu wanne hadi sita kinatosha. Kila mpikaji alete eli ya dhahabu, na ninapendekeza kwa nguvu kwamba katika duru ya kwanza wote wafuate kanuni moja ya mapishi. Vitu vikiwa sawa, tofauti itakayosikika kwenye glasi itakuwa imetokana na maji, joto, usafi na mkono wa mpikaji, na hayo ndiyo tunayotaka kujifunza. Kanuni rahisi ya lita 20 ni kilo 4 za kimea cheupe cha shayiri, kilichoroweshwa katika maji ya nyuzijoto 66 kwa saa moja. Gramu 25 za hopsi zenye asidi za alfa, ambazo ndizo huleta uchungu, asilimia 10, zichemshwe kwa dakika 60. Na gramu 40 nyingine zitiwe moto unapozimwa, kwa ajili ya harufu. Haidromita, kifaa cha kupimia sukari iliyomo, itasoma karibu na 1.043 kabla ya hamira kutiwa na karibu na 1.010 bia ikiisha kuchacha, ambayo ni sawa na kilevi cha asilimia 4.3 hivi.

Kinachowasumbua zaidi wapikaji wa mjini Tanga ni joto. Hamira nyingi za eli hufanya kazi safi zikiwa kati ya nyuzijoto 18 na 20, na chumba cha kawaida hapa hakifiki huko hata mwezi wa Julai. Hamira ikichacha katika nyuzijoto 28 au 30 hutoa harufu ya ndizi mbivu kuliko inavyotakiwa, pamoja na ukali wa spiriti unaochoma koo. Mwenye friji ya zamani anaweza kuifungia kifaa cha kudhibiti joto, naye atakuwa amemaliza tatizo. Asiye nayo aitumbukize ndoo ya kuchachushia katika beseni kubwa la maji, aifunike kwa kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zinagusa maji, na kila asubuhi na jioni abadilishe chupa za maji yaliyoganda humo ndani, hasa katika siku tatu za mwanzo, ambazo ndizo zinazoamua ladha. Njia ya tatu ni kutumia kveiki, hamira ya wakulima wa Norwei, ambayo huchacha vizuri hata katika nyuzijoto 35. Ile ya Voss, mji wa huko, huacha harufu ya machungwa inayoendana na bia hii, na mtu aliyekulia karibu na Muheza hatahitaji kuelezwa harufu hiyo.

Mpikaji wa Lushoto hana shida hiyo, kwani baridi ya Usambara humfanyia kazi. Ikiwezekana, kikundi kiwe na mtu wa milimani na mtu wa pwani, wote wakitumia hamira ile ile. Hakuna somo la joto linaloeleweka haraka kuliko glasi hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega.

Chupa, safari na majirani

Kila mpikaji atoe chupa mbili za nusu lita kwa ajili ya kikao, na ya tatu abaki nayo nyumbani. Matumizi yake nitayaeleza mwishoni. Chupa ziwe za kahawia. Mwanga wa jua ukiipiga bia yenye hopsi katika chupa nyeupe au ya kijani, kwa muda mfupi tu huzaa uvundo wa kicheche, na hakuna namna ya kuuondoa. Sukari ya kuleta gesi isizidi gramu 6 kwa lita, na isitiwe mpaka haidromita isome namba ile ile kwa siku tatu mfululizo. Sharti hili la pili ni la usalama: bia ambayo haijamaliza kuchacha, ikifungiwa katika joto la Tanga, inaweza kuipasua chupa na kumjeruhi mtu. Andika namba na tarehe juu ya kizibo kwa kalamu isiyofutika, usiandike jina.

Chupa zinazosafiri kwa basi kutoka Lushoto au Pangani zisimamishwe wima ndani ya ndoo, zikiwa zimefungwa magazeti, na abiria akae na ndoo yake badala ya kuiacha kwenye buti lenye joto. Zikifika zikae kwenye friji siku mbili kabla ya kuonjwa, ili mashapo ya hamira yashike chini.

Kubadilishana huku ni kwa kuonja na si biashara. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inautaka uuzaji wa pombe uwe na leseni, kwa hiyo mtu asipokee hata shilingi kwa chupa yake, na mwenye swali lolote kuhusu kupika au kuuza amwone kwanza afisa biashara wa halmashauri. Asiyetimiza miaka 18 haonji, na anayeendesha gari au bodaboda haonji pia. Majirani wengi wa Tanga ni Waislamu na pombe haiingii nyumbani mwao. Kikao kifanyike ndani, kwa sauti ya kawaida, na mwezi wa Ramadhani kisifanyike kabisa. Heshima hiyo haina gharama.

Siku ya kuonja

Chumba kisiwe na harufu nyingine. Udi usifukizwe tangu jana yake, marashi na asumini viachwe, na samaki wa kukaanga asubiri mpaka kazi iishe. Glasi zioshwe kwa sabuni kidogo sana, zisuuzwe mara kadhaa kwa maji safi na kuachwa zijikaushe zenyewe, kwa sababu mafuta na mabaki ya sabuni huua povu. Wekeni mezani maji na mkate mkavu wa kusafishia kinywa.

Bia zitolewe kwenye friji robo saa kabla. Najua kwamba kwa joto letu mtu anatamani chupa yenye barafu, lakini baridi kali huifunga harufu, na eli hii hujieleza vizuri ikiwa kati ya nyuzijoto 8 na 12. Mtu mmoja asiyeonja afungue chupa jikoni, juu ya beseni, na asikilize: mlio mfupi ni dalili njema, ilhali chupa inayomwaga povu bila kukoma ama imetiwa sukari nyingi ama imeingiliwa na vijidudu. Amimine polepole kwa mara moja, akiiinamisha chupa bila kuirudisha wima, na aache kidole kimoja cha bia chini pamoja na mashapo. Mililita 100 kwa kila mwonjaji zinatosha, na bia sita kwa kikao kimoja ndizo mwisho. Baada ya hapo ulimi husema chochote.

Glasi ikifika, inusiwe kwanza, mara moja, kwa kuwa harufu zilizo nyepesi hupotea ndani ya dakika. Kisha itazamwe kwenye mwanga, na mwisho ionjwe kwa kumeza, maana uchungu hubaki kinywani baada ya kumeza. Kila mtu aandike akiwa kimya, na mtu asizungumze mpaka kalamu zote zimewekwa chini. Neno moja la mwonjaji mzoefu likitoka mapema, karatasi zote zitalifuata. Waamuzi wa BJCP, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985, hutoa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5 na jumla 10. Safu hizo ni nzuri kwa kuongoza macho na pua. Alama zenyewe sizithamini sana, kwani mpikaji aliyepewa 31 hajui afanye nini kesho.

Anachohitaji ni sentensi yenye kasoro na chanzo. Tuseme glasi namba 4 ina harufu ya mahindi ya kuchemsha. Mwonjaji asiseme kwamba haipendi, aseme, “Kaka, kwenye namba 4 nimesikia mahindi ya kuchemsha. Ulifunika sufuria ulipokuwa unachemsha? Na ilipoa kwa muda gani?” Mvuke unaozuiwa na kifuniko hurudisha harufu hiyo ndani, na maji ya bomba ya Tanga, yenye uvuguvugu karibu mwaka mzima, hupoza sufuria taratibu mno, wakati harufu inaendelea kuzaliwa. Tiba yake ni kuchemsha bila kifuniko na kuizungushia sufuria barafu za mifuko.

Kasoro nyingine hufuatiliwa kwa mtindo huo huo. Siagi ina maana kwamba bia imetenganishwa na hamira mapema. Iachwe siku mbili tatu zaidi. Tufaha bichi nalo hutokana na haraka. Harufu ya plasta ya hospitali hutoka kwenye klorini ya maji ya bomba, na kidonge kimoja cha Campden (kidonge cha salfaiti kinachotumiwa na wapikaji wa bia) kilichosagwa huondoa klorini hiyo katika sufuria nzima. Karafuu, tamu kwenye pilau, humaanisha hamira ya mwitu imeingia, isipokuwa mpikaji ameichagua hamira ya namna hiyo. Boksi lililolowa ni hewa iliyoingia wakati wa kujaza chupa, na joto huiharakisha.

Wawili wakibishana kama tofauti ipo kweli, mimineni glasi tatu bila kuwaambia, mbili za bia moja na ya tatu ya bia nyingine, kisha kila mmoja aichague iliyo peke yake. Anayebahatisha hupata mara moja katika tatu, kwa hiyo jaribio lirudiwe kabla ya kuamini jibu.

Karatasi zote apewe mpikaji. Ndani ya wiki hiyo aifungue ile chupa ya tatu, iliyokaa kwenye friji, na ainywe taratibu akizisoma, mpaka asikie mwenyewe kile ambacho wenzake walikiandika. Abadilishe jambo moja tu katika mapishi yanayofuata, na ailete kwenye duru ya pili bia hiyo iliyobadilishwa, ikiwa na namba mpya. Asikae na chupa za zamani kwa ajili ya kulinganisha, kwa kuwa hopsi za eli hii hufifia baada ya wiki chache katika joto letu. Karatasi ndizo zitunzwe.