Insha ya Maoni kwa Kiingereza: Namna ya Kujenga Hoja Kuhusu Masuala ya Kijamii

Somo hili ni la waliokwisha kufika ngazi ya juu ya Kiingereza: mnaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza ya IELTS au C1 Advanced, au mnaoandika kwa ajili ya masomo ya chuo. Kwenye ngazi hiyo, insha ya maoni haiangushwi sana na sarufi. Inaangushwa na hoja zinazoachwa njiani. Mwandishi anasema jambo ni baya, anarukia jambo la pili, analisema nalo kuwa ni baya, anafunga. Sentensi zote ni safi, ila msomaji akimaliza hajaona kwa nini akubali.

Nitatumia mada moja toka mwanzo hadi mwisho ili muone kazi inavyokua: je, watoto walio chini ya miaka 16 wazuiwe kutumia mitandao ya kijamii? Mada hii ina uhai. Bunge la Australia lilipitisha sheria ya namna hiyo mwishoni mwa Novemba 2024, na ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Nchi nyingine nazo zinaijadili.

Hatua ya 1: Soma swali kama mkataba

Kila aina ya swali ina deni lake. “To what extent do you agree or disagree?” linadai msimamo pamoja na kiwango chake. “Discuss both views and give your own opinion” linadai vitu vitatu: upande huu, upande ule, na wewe mwenyewe. Ukiacha kimoja umejinyima alama hata kama Kiingereza chako kinametameta. Kwenye insha ya lazima ya C1 Advanced unapewa mambo matatu, unajadili mawili, kisha unasema lipi lina uzito zaidi na kwa nini, yote ndani ya maneno 220 hadi 260. IELTS inataka maneno yasiyopungua 250, na inashauri utumie kama dakika 40.

Piga mstari chini ya maneno yanayoweka mipaka: “all”, “only”, “always”, “the best way”. Mara nyingi hapo ndipo penye nafasi yako ya kubisha.

Hatua ya 2: Geuza maoni yawe dai

Tukae hapa kwa muda, maana insha nyingi zinaharibika kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa.

“Social media is harmful to children.” Haya ni maoni, bado si dai. Yanaelea. Harmful kwa namna gani, na nani afanye nini? Jiulize maswali matatu: nani atekeleze, nani abebe gharama, na jambo lifike wapi. Ukiyajibu unapata kitu kama hiki:

“Children under sixteen should be kept off social media, but the duty to keep them off must fall on the companies that run the platforms, not on children or their parents.”

Sasa mtu anaweza kukubishia mahali pawili. Anaweza kusema watoto wasizuiwe, au akasema wazuiwe ila na wazazi. Hiyo ni dalili nzuri. Kipimo changu ni rahisi: andika kinyume cha dai lako. Kama hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukisema hicho kinyume, basi huna dai. Hakuna anayetetea kwamba watoto wadhuriwe. Wapo wengi wanaotetea kwamba jukumu ni la mzazi.

Angalieni pia jinsi mfano wa Australia unavyoingia wenyewe. Sheria ile inaweka faini inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5, na faini hiyo ni ya kampuni. Mtoto na mzazi hawaadhibiwi. Mwanafunzi anayelijua hilo ana mfano unaobeba dai lake, si pambo la kuonyesha kwamba anasoma habari.

Hatua ya 3: Panga kwa dakika tano

Sababu mbili, pingamizi moja. Inatosha. Anayeleta sababu nne kwenye maneno 250 anaishia kuzitaja tu. Hakikisha pia sababu zako mbili si moja iliyovaa nguo mbili: “it damages their mental health” na “it makes them anxious” ni kitu kilekile.

Hatua ya 4: Utangulizi mfupi

Sentensi mbili au tatu. Achana na “Since the dawn of time”, “In this modern era” na “It is a hotly debated topic”. Mtahini anaziona kila siku, na hazimwambii lolote. Ingia moja kwa moja:

“Several governments are now asking whether a thirteen-year-old belongs on social media at all. I believe that the answer is no, but that the burden of enforcement should rest with the platforms themselves.”

Mada imetajwa, msimamo umetajwa. Endelea.

Hatua ya 5: Aya ya hoja

Someni kwanza aya hii, ambayo inafanana na nyingi ninazosahihisha:

“Firstly, companies should be responsible because they are very powerful. Moreover, they make a lot of money. Furthermore, parents are busy. In addition, children can lie about their age.”

Sarufi haina kosa. Viunganishi vinne, kauli nne, hoja sifuri. Hakuna kauli iliyozaa nyingine. Kampuni kuwa na pesa kunahusianaje na wajibu? Mzazi kuwa na shughuli nyingi kunathibitisha nini? Msomaji anaachiwa kazi ya mwandishi.

Sasa linganisheni na hii:

“The companies should carry this duty because they are the only party able to perform it. A parent can take away one phone, but cannot see the second account opened on a friend's device. The platform can. It already studies what each user watches, and for how long, in order to sell advertising. A firm that knows its users well enough to sell to them can hardly claim that it is unable to tell which of them are children.”

Hakuna “moreover” hata moja, na aya imeshikana. Inashikanishwa na nini? “This duty” inarudisha macho kwenye dai. “The platform can” inajibu “a parent cannot”, na ufupi wake unaipa nguvu. Sentensi ya mwisho inachukua kilichosemwa kabla yake, kwamba kampuni zinawachunguza watumiaji, na kukigeuza kuwa jibu kwa kisingizio chao. Kila sentensi imezaliwa na ile iliyotangulia. Mshikamano ndio huu, na viunganishi ni msaada tu pale vinapohitajika.

Mwanafalsafa wa Uingereza Stephen Toulmin alionyesha mwaka 1958 kwamba kati ya ushahidi na dai kuna daraja ambalo mara nyingi halisemwi. Katika aya yetu, ushahidi ni kwamba kampuni inaona anachofanya mtumiaji. Dai ni kwamba kampuni ibebe jukumu. Daraja ni wazo kwamba mwenye uwezo wa kuzuia madhara ndiye mwenye wajibu wa kuyazuia. Si lazima uliandike daraja lako kila mara, lakini ni lazima ulijue, kwa sababu mpinzani makini hagusi ushahidi wako, anavunja daraja. Kila umalizapo sentensi jiulize: kwa hiyo? Ukikosa jibu, sentensi inayofuata bado haijawa tayari kuandikwa.

Hatua ya 6: Mpe mpinzani nafasi ya kweli

“Some people disagree, but they are wrong” ni dharau, na inamwonyesha msomaji kwamba hukufikiri. Chagua pingamizi zito kuliko yote, lile linalokusumbua wewe mwenyewe. Katika mada yetu, zito ni faragha: ili kuwatambua watoto, huenda hata watu wazima wakalazimika kuthibitisha umri wao.

“Admittedly, checking age may require adults, too, to hand over a document or a photograph of their face. This is a real cost. It is, however, a reason to limit what the companies may keep, rather than a reason to abandon the check.”

Pingamizi halikufutwa. Limekubaliwa, kisha likawekewa mpaka. Msomaji anayewaza kama mpinzani anaona amesikilizwa.

Hapa ndipo maneno ya tahadhari yanapofanya kazi: “may”, “tends to”, “is likely to”. Yatumie unapoeleza jinsi mambo yalivyo, kwa sababu huna uhakika na kila mtoto na kila kampuni. Ila unapotoa pendekezo lako, simama imara. “I think maybe companies could perhaps be responsible” inamfanya msomaji aamini kwamba hata wewe hujakubaliana na nafsi yako.

Hatua ya 7: Hitimisho

Sentensi mbili. Usilete sababu mpya na usinakili utangulizi. Sema dai lako likikubaliwa litadai nini: “If this is accepted, the question for lawmakers is no longer how to discipline the young, but how to supervise those who profit from their attention.”

Hatua ya 8: Kusahihisha

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna makosa yetu, na yanarudi hata ngazi ya juu. Kubadilisha “he” na “she” katikati ya aya. Kurudia mtenda: “The parents they should decide.” Kuongeza kihusishi: “discuss about”, “emphasize on”, “despite of”. Na kwenye masuala ya kijamii kuna moja linalozidi yote: “the society”. Ukizungumzia jamii kwa ujumla, andika “society must decide”, bila “the”. Lakini “the government” na “the media” zinabaki nayo. Soma rasimu mara moja ukitafuta hilo peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nilifundishwa kwamba “I” hairuhusiwi kwenye insha rasmi. Ni kweli?

Inategemea insha. Ukiulizwa maoni yako, “I believe” ni halali kabisa. Itumie kwenye utangulizi na, ukipenda, kwenye hitimisho. Aya za kati zizungumzie jambo lenyewe. Usiandike “In my opinion, I think”, maana umesema kitu kimoja mara mbili.

Nikikosa takwimu, naweza kubuni? Rafiki yangu anasema watahini hawahakiki.

Usibuni. Achilia mbali uaminifu: tarakimu ya kubuni inakupa hisia kwamba umethibitisha, kwa hiyo unaacha kufikiri. IELTS inaomba mifano kutoka ujuzi au uzoefu wako, haiombi asilimia. Aya yetu ya hatua ya 5 haina tarakimu hata moja na inasimama.

Natakiwa kutumia msamiati mgumu kiasi gani? Nimekariri “plethora” na “myriad”.

Yaache yapumzike. Kinachoonyesha ngazi ya juu ni maneno yanayokaa pamoja kwa asili: “impose a ban”, “enforce a law”, “comply with a rule”, “address a problem”, “bear the cost”. Anayeandika “make a ban” anaonekana mgeni hata kama sentensi inayofuata ina “plethora”. Unapojifunza nomino mpya, jifunze na kitenzi chake. Msamiati ni robo ya alama za insha ya IELTS. Robo nyingine tatu ni jinsi ulivyojibu swali, mtiririko, na sarufi.

Nachanganya “on the contrary” na “on the other hand”.

“On the other hand” inaleta upande wa pili wa jambo, na pande zote mbili zinaweza kuwa kweli. “On the contrary” inakanusha kilichotangulia: “The law does not punish parents. On the contrary, it relieves them.” Kama hukukanusha kitu, usiitumie.

Nikikubaliana na pande zote mbili je?

Ruksa, mradi useme unakubali sehemu ipi na unakataa ipi. “I partly agree” bila mpaka ni kukwepa. Dai letu lenyewe ni la namna hiyo: kuzuia, ndiyo, kumbebesha mzazi, hapana. Mpaka huo ulionekana toka utangulizi, na aya zote zikautii.

Sina mtu wa kunisahihishia. Nifanyeje mazoezi peke yangu?

Andika aya moja, si insha nzima. Iache hadi kesho yake. Kisha ondoa viunganishi vyote na uchanganye mpangilio wa sentensi. Kama aya bado inasomeka vilevile, basi sentensi zako hazikuwa zinategemeana. Ulikuwa umeorodhesha tu. Iandike upya mpaka ukihamisha sentensi moja, nyingine zidai irudishwe mahali pake. Aya ikifaulu jaribio hilo, ndipo uandike ya pili.