Kuzalisha kuvu wa mizizi kwenye kiroba: kwa sisi wa mashamba ya mchanga

Mama jirani yangu hapa Zinga, Bagamoyo, alinijia na mche wa pilipili umelegea kama kitambaa. "Baba Mwanaidi, namwagilia asubuhi na jioni, ikifika saa sita zimelala zote. Hili shamba lina nini?" Halina kitu, ndiyo shida yenyewe. Ni mchanga usioshika maji, na kisima chake kiko karibu na bahari, maji yana chumvichumvi.

Nilimpa kikopo cha mikoriza, kuvu wanaoishi ndani ya mizizi. Hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikafika mahali mzizi haufiki na kurudi na maji na fosforasi, na mmea huwalipa kwa sukari. Chumvi hawaiondoi. Wanausaidia mmea kuivumilia, na maji yakizidi kuwa ya chumvi hata wao hawakuokoi. Akataka kujua nimewanunua wapi. Sinunui, nazalisha, na ninavyofanya ni hivi. Anza mwishoni mwa Juni, masika yakishapita, ili uwahi vuli.

Hatua ya 1: Mchanga

Mchanga wa mtoni, uliochekechwa. Uloweshe, uufukize kwenye nusu pipa kwa saa moja, uache upoe. Wengine huufunika kwa nailoni angavu juani wiki sita, lakini jua la Julai huku ni la kusuasua. Mimi natumia kuni. Mchanga wa baharini usiulete kabisa.

Hatua ya 2: Kianzio

Hapa usikimbie. Kuvu hawa hawakui bila mzizi ulio hai, kwa hiyo yale mambo ya watu kuvundika vijidudu kwenye pipa kwa molasi yana kazi zake, lakini mikoriza huwapati humo. Lazima uchukue udongo wenye mizizi, ndio kianzio chako, na udongo huo huwezi kuufukiza, maana utawaua hao hao unaowatafuta. Mchanga unausafisha kwa moto, kianzio unakisafisha kwa kuchagua.

Mara ya kwanza nilichagua vibaya. Nilichota udongo chini ya nyanya zangu za zamani, nikiamini nyanya iliyostahimili kiangazi ina kuvu wazuri. Nikapanda mahindi kwenye viroba, nikayang'oa baada ya miezi mitatu, nikatazama mizizi: safi. Nikaweka kwenye miche 300 ya nyanya. Wiki ya saba ikaanza kudumaa, na nilipong'oa mmoja mizizi ilikuwa na vinundu kama tangawizi. Minyoo fundo, vijiminyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Mahindi huwabeba minyoo hao bila kuonyesha vinundu vya kueleweka, nami nilikuwa nimewafuga miezi mitatu kwa mikono yangu.

Tangu hapo sichoti tena kwenye nyanya, bilinganya, bamia wala pilipili. Naenda kwenye majani ya porini yasiyolimwa miaka mingi, tena yale yaliyoota penye shida kama ya kwangu: mchanga mkavu, ukingo wenye chumvi. Kuvu wa hapo wameshaizoea hali hiyo. Nachimba kina cha shibiri moja, sehemu tano tofauti, nachukua mizizi myembamba pamoja na udongo wake.

Halafu napima. Najaza vikopo vitatu kwa udongo ule, napanda bamia, nasubiri siku 45, nang'oa na kuosha mizizi kwa maji. Kinundu kimoja tu nikikiona, namwaga wote. Usipime kwa kunde kama macho yako hayajazoea, kwa sababu kunde ina vinundu vyake vya heri, vya bakteria wa naitrojeni. Hivyo vimebandikwa pembeni ya mzizi na ukivikwangua kwa ukucha vinatoka. Vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, havibanduki.

Naam, unapoteza mwezi na nusu. Anza kupima Mei, basi.

Hatua ya 3: Kupanda

Viroba vya lita 5, sehemu tisa za mchanga kwa moja ya kianzio. Panda mtama. Maji ya mvua au ya bomba.

Mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, na mbolea ya kuku zisisogee hapa. Mmea ulioshiba fosforasi hauoni sababu ya kumlisha mgeni. Majani yakiwa ya njano sana, kijiko cha chai cha urea kwenye lita 10 za maji kinatosha.

Hatua ya 4: Kukausha

Baada ya miezi mitatu na nusu acha kumwagilia. Kiu ikikaza, kuvu hujifungasha kwenye spori, ambazo ndizo mbegu zao. Baada ya wiki mbili kata mtama, katakata mizizi, changanya na mchanga wake, uanike kivulini.

Hatua ya 5: Kutumia

Kijiko cha chakula kwa kila mche, ndani ya shimo, kiguse mizizi. Kunyunyiza juu ya tuta ni kuwapa kuku mchezo. Usimwagie kabendazimu hapo, ni dawa ya kuua kuvu. Acha miche 20 bila kuweka kitu, ndiyo itakayokuambia ukweli kiangazi kikija.

Pilipili, nyanya, papai, vitunguu na muhogo huwapokea vizuri. Kabichi, figiri, sukuma wiki, spinachi na mchicha haziwataki. Mama jirani alimwaga nusu ya kikopo kwenye mchicha, akaja kunilaumu.

Kinachobaki kikae kwenye mfuko wa sulfeti, mahali pakavu penye ubaridi, kitumike ndani ya mwaka. Changu cha mwaka jana kimebaki robo. Ndicho nitakachoanzia Juni hii, ila bamia tatu za kupima nimeshazipanda.