Maktaba mpya ya seminari: kazi za mwisho kabla Askofu hajaja kubariki

Jengo limekwisha, rangi inang'aa, tarehe ya Askofu imetangazwa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kupanga vitabu ili wageni wakute rafu zimejaa. Kwa hewa yetu ya Dar, nawasihi msianzie huko. Vitabu vikiingia kwenye chumba kibichi, ukungu utavikuta kabla ya wanafunzi.

Hatua ya 1: Pimeni ukuta. Jioni bandikeni kipande cha nailoni angavu, kama futi moja kila upande, mkizungushia selotepu pande zote nne. Kesho yake kitazameni. Kikiwa na matone kwa ndani, au plasta imekoza rangi, ukuta bado una maji. Fungueni madirisha mchana, washeni feni, mpime tena baada ya wiki. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukuta huchelewa sana kukauka, basi paroko na kamati waambiwe mapema.

Hatua ya 2: Rafu. Za mbao kutoka Keko zikaushwe vanishi mpaka harufu iishe na kiganja kisinate. Za chuma zikaguliwe mikwaruzo iliyotokea kwenye gari, maana hewa ya chumvi huanzisha kutu hapo hapo. Pigeni msasa, pakeni rangi ya kuzuia kutu. Acheni upana wa vidole vinne kati ya rafu na ukuta. Rafu ya chini iinuke walau sentimita 10, maji ya deki yasiifikie. Ndefu zifungwe ukutani kwa skrubu.

Hatua ya 3: Gawanyeni nafasi. Hii ndiyo kazi inayostahili muda wenu. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kulingana na mada, una madaraja makuu 10, na kosa la kawaida ni kutengea kila daraja kabati lake. Seminari si maktaba ya mkoa: vitabu vyenu vingi vitaangukia 100, falsafa, na 200, dini. Ndani ya 200 mtahitaji nafasi ya kutosha kwa 220 Biblia, 230 teolojia, 264 liturujia na 270 historia ya Kanisa. Msisahau 297, Uislamu. Padre wa pwani ataishi na majirani Waislamu maisha yake yote. Kila rafu ijazwe robo tatu tu, vitabu vipya vipate pa kukaa. Kamusi za TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ziwe karibu na meza ya mkutubi.

Hatua ya 4: Lebo na muhuri. Andikeni kwanza rejista, kisha lebo, zote kimo kimoja kwenye uti wa kitabu. Msizifunike kwa selotepu: joto huyeyusha gundi yake na vitabu hugandana. Muhuri upigwe ukurasa wa jina, mbali na maandishi.

Siku yenyewe: njia pana katikati, meza moja yenye Maandiko, basi.

Maswali ya wenzetu

Frateri, Segerea: Shikamoo mwalimu. Tuwashe kiyoyozi kukausha chumba haraka?
— Marahaba, Frateri. Kama kitazimwa kila usiku, hapana. Unyevu utarudi, na vitabu havipendi hali ya kupanda na kushuka. Feni na madirisha yenye wavu vinatosha.

Sista, Kigamboni: Tumepewa maboksi ya vitabu kutoka parokia ya zamani. Vingine vina madoa meupe.
— Pole Sista. Visiingie kabisa maktaba. Vifungulieni barazani, kivulini. Vaeni barakoa, mvipanguse kwa brashi laini kavu, mchunguze na wadudu kwenye mishono. Vilivyoliwa sana viacheni.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi: Bamba la marumaru tumeshalipia. Tumpe fundi maneno kwa simu?
— Ndugu, usimsomee. Mwandikie kwenye karatasi, jina la Askofu na cheo chake vihakikiwe na ofisi ya jimbo, kisha fundi achore kwa penseli ukaone kabla hajachonga.