VPN Itaongeza Spidi ya Bando Lako? Pima Kwanza, Ndipo Ulipie

Karibu kila wiki mtu anafika mezani kwangu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, anaweka simu juu ya kioo na kusema, "Fundi, niwekee VPN, nimeambiwa inakimbiza mtandao." Wengine huja wameshalipia ya mwezi mzima na mtandao bado unasota. Inaniuma, maana hela ile ingenunua bando, na tatizo walilonalo VPN hailigusi kabisa.

Chukulia unakaa Kigamboni ndani ndani na unataka kufika Posta. Kuna kivuko cha Magogoni, na kuna Daraja la Nyerere linalotokea Kurasini. Foleni ya kivuko ikifurika, kuzunguka darajani kunaweza kukuwahisha ingawa njia ni ndefu. Lakini gari likiwa limezama kwenye tope la mtaani kwako, uchague kivuko au daraja ni yale yale, tope lazima ulipite. Tope hilo ni njia ya kutoka kwenye simu yako hadi kwenye mnara. VPN haisogezi mnara wala haipunguzi watu waliojazana juu yake. Inafunga data yako kwa siri, inaipeleka kwanza kwenye seva nyingine, yaani kompyuta ya mbali ya kampuni ya VPN, na kutoka hapo ndipo inakwenda ulikotaka. Kwa hiyo tunatafuta jambo moja: umekwama kwenye tope au kwenye foleni ya kivuko?

Hatua ya 1: Kagua bando

Vifurushi vingi vya "bila kikomo" vina kikomo cha spidi. Ukishatumia kiasi fulani, spidi inashushwa mpaka kipindi kipya kianze. Kikomo hicho huhesabu kila baiti inayopita kwenye laini, iwe imefungwa au iko wazi, kwa hiyo VPN haikiruki. Soma masharti ya kifurushi chako. Kisha ingia kwenye matumizi ya data uone ni programu gani inakula kimyakimya. Nimeshafungua simu nikakuta programu kumi na kitu zinajisasisha zote kwa mpigo huku mwenyewe analalamika video haifunguki.

Hatua ya 2: Pima netiweki, usiamini vile vijiti

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, kwa hiyo usiparuke. Kwenye Android fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utafute nguvu ya mawimbi. Majina hutofautiana kidogo kwa aina ya simu. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele na dBm nyuma. Kwa 4G, ukiona -85 au karibu zaidi na sifuri, uko vizuri. Kwenye -100 hivi ni wastani. Ikipita -110, simu inahangaika.

Alikuja dada mmoja anayeuza mitandio kwa kurusha laivu akiwa chumbani kwake Mbagala. Picha ilikuwa inaganda kila dakika mbili na wateja wanaondoka. Pale mezani kwangu simu yake ilikuwa haina neno. Nikamwambia, "Dada, ukifika nyumbani nisomee hii namba ukiwa kitandani, halafu nisomee tena ukiwa barazani." Usiku akanipigia: ndani -114, barazani -97. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na juu ni bati. Akahamishia meza ya mitandio barazani, akafunga taa moja, laivu ikaenda. VPN sikumwekea.

Hakikisha pia simu imeruhusiwa kutumia 4G kwenye aina ya mtandao. Simu nyingi za mtumba nazikuta zimefungwa kwenye 3G na mwenyewe hajui. Ukibadilisha, washa hali ya ndegeni sekunde kumi kisha zima, ili simu itafute mnara upya.

Hatua ya 3: Pima spidi bila VPN na uandike

Chukua daftari. Ukiwa sehemu ile ile, pima kwa Speedtest, programu ya kupima spidi ya mtandao, mara tatu saa 4 asubuhi, halafu mara tatu tena saa 3 usiku. Andika Mbps (megabiti kwa sekunde) za kushusha, za kupandisha, na ile namba ya Ping, yaani muda wa data kwenda na kurudi kwa milisekunde. Kipimo chenyewe kinakula bando: kwa spidi ya Mbps 20 kikikimbia sekunde 10 kushusha peke yake, tayari ni MB 25. Usipime kwa kujifurahisha.

Asubuhi ikiwa juu na usiku imeanguka kwa kila kitu, mnara umeelemewa. Watu wamerudi makwao, kila mtu yuko kwenye simu. Hilo ni tope. Kinachosaidia ni laini ya kampuni nyingine yenye mnara ulio na nafasi mtaani kwako, au kushusha mafaili makubwa alfajiri.

Hatua ya 4: Linganisha Speedtest na fast.com

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinafichua foleni ya kivuko. Fast.com ni tovuti ya kupima spidi ya Netflix, kampuni ya video, na hupima kwa kutumia seva zao wenyewe za video. Kwa hiyo Speedtest ikikupa Mbps 20 na dakika hiyo hiyo fast.com ikakupa 2, njia yako hadi kwenye mnara ni nzuri. Kuna kitu mbele kinabana. Huenda mtandao unazitambua data za video na kuzipunguzia spidi, au huenda njia ya kwenda kwenye seva zile imejaa. Rudia mara tatu kabla ya kuamini. Namba zote mbili zikiwa chini, rudi hatua ya 2.

Kabla ya hatua ya 5, sheria

Tanzania kutumia VPN kuna masharti. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zinagusa matumizi ya zana za kufikia maudhui yaliyokatazwa, na Oktoba 2023 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN wajisajili kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mimi simwekei mteja bila kumwambia hili, na nawe lishughulikie kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Washa VPN, pima kwa kupokezana

Usilipie kitu bado. Chagua huduma inayolipiwa ambayo ina siku za majaribio. Za bure kabisa nakuonya kwa dhati: kuendesha seva ni gharama, na asiyekutoza mara nyingi anaishi kwa kuuza taarifa zako au matangazo, tena seva zake zimefurika.

Kwenye mipangilio ya VPN chagua WireGuard kama ipo, ambayo ni aina mojawapo ya njia za kufunga data, kwa sababu ni nyepesi. Kisha chagua seva ya karibu. Watu wengi hukimbilia Marekani au Uingereza bila sababu. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Dar hadi London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 75, na waya wa baharini haunyooki, unazunguka bara. Nairobi ni chini ya milisekunde 10 kwa hesabu hiyo hiyo, Johannesburg kama 25. Anza na hizo.

Sasa pima kwa kupokezana: bila VPN, na VPN, bila, na VPN, zote ndani ya dakika kumi na umekaa hapo hapo. Ukipima moja leo na nyingine kesho, umepima hali ya mnara, hujapima VPN.

Mara nyingi utakuta namba zimeshuka kidogo na Ping imepanda. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kampuni kubwa za video huweka nakala za video karibu na watumiaji, na VPN inaweza kukutoa kwenye nakala ya jirani ikakupeleka kuchota ya mbali. Na waya za baharini zikikatika, kama zilivyokatika EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, VPN haina bahari nyingine ya kupita.

Fast.com ikipanda sana huku Speedtest ikibaki karibu na pale ilipokuwa, hapo VPN inakusaidia kweli. Nimeliona hilo kwa kijana wa Sinza anayesoma uhariri wa video mtandaoni: Speedtest 22, fast.com 2.4, na VPN ya Nairobi fast.com ikawa 15. Tulirudia mara nne, ikaja vile vile.

Hatua ya 6: Iweke ifanye kazi moja tu

Kama imekusaidia, usiiache ikabeba kila kitu. Kwanza inaongeza mzigo: WireGuard hubandika baiti 60 kwenye kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data kinachosafiri, na kwa pakiti ya baiti 1,500 hiyo ni asilimia 4, yaani kama MB 400 kwenye GB 10. La pili watu wengi huligundua bando likiwa limeshakwisha: kama una kifurushi cha WhatsApp au cha mitandao ya kijamii, VPN ikiwaka mtandao hauoni tena kwamba ile ni WhatsApp. Unakatwa kwenye bando la kawaida, au kwenye salio.

Tafuta kwenye VPN sehemu ya kuchagua programu zitakazopita ndani yake. Ruhusu ile ya video peke yake. Za benki, za kutuma pesa na WhatsApp ziache nje.

Kisha andika tarehe ya mwezi mmoja mbele, urudie hatua ya 4. Kijana wa Sinza alirudi baada ya wiki sita, tukapima bila VPN: fast.com 19. Foleni ya kivuko ilikuwa imeisha. Akasitisha malipo palepale akiwa amesimama, akajiunga bando.