SOMO: Kuyatungia mazimwi visasili vinavyochezeka (someni kabla ya kuniuliza)

Wakuu, hii naiandika mara moja ili nisiiandike tena. Kila gemu ikikaribia jumbe ni zilezile, "mwaka huu tunacheza mazimwi, tusaidie hadithi yao ya asili", na kila mara namwelezea mtu ambaye tayari ana kurasa thelathini za vita vya miungu, lakini ukimuuliza zimwi lake linasalimia vipi anakutolea macho. Kwahiyo leo nimekaa nimeandika yote, ukiniuliza tena nakuleta hapa.

Kwa wageni, nazungumzia gemu za laivu, zile za kuvaa uhusika mkaingia uwanjani siku mbili tatu na silaha za sponji. Sio za mezani wala za kompyuta. Mezani mwongozaji anaweza akakusomea historia nzima umekaa zako, uwanjani hakuna wa kukusomea, kuna mtu anayetoka jasho chini ya kinyago amesimama mbele yako gizani na una sekunde kadhaa tu za kujua ni nani na anataka nini.

Hatua ya 1. Someni kanuni za gemu yenu na ulimwengu wake. Sina la kuongeza.

Hatua ya 2. Jua nani atayacheza hayo mazimwi. Kikundi cha kudumu kina nafasi ya mambo mengi. Kama ni wale wasaidizi wa waongozaji, asubuhi mfu, mchana zimwi, jioni jambazi, basi kisasili chote kiwe kimeingia kichwani kabla mtu hajamaliza kupakwa rangi usoni.

Hatua ya 3. Anza na mwili, mbingu baadaye. Wengi wanaenda kinyume, wanatunga mungu kwanza halafu wanatafuta kinyago cha kufanana naye. Wewe weka vifaa vyako vyote mbele yako, kinyago, meno, pembe, viatu, vivae, uone vinakuzuia kufanya nini. Hicho kinachokuzuia ndo hadithi yako. Mazimwi yetu yanaitwa Ghoru, yana chonge za chini ndefu zinazopita mdomo wa juu. Mwanzoni mungu wetu aliitwa Bampufo, jina tamu kweli kwenye karatasi, siku ya siku tumesimama mstari tunaliita kwa pamoja kabla ya kushambulia, likatoka "ha-hu-ho" na mate mpaka kidevuni, jeshi la upande wa pili likakaa chini kwa kicheko. Ukivaa chonge midomo haikutani, na isipokutana huna m, huna b, huna p, na f na v ni upepo mtupu. Tungeweza kufupisha meno. Tukaona bora tumfute Bampufo, tukatunga kwamba bibi yetu wa kwanza, Irikha, aliiba kaa la moto na hakuwa na chombo, akalibeba mdomoni kuvuka giza lote, midomo ikaungua ikajikunja, ndo maana wajukuu zake meno yako nje. Lugha yetu haina sauti za midomo, tuna gh, kh, r, d na jamaa zake, zile nyingine tunaziita sauti za waliopewa moto bure. Hata jina, sisi tunajiita Ghoru tu, hiyo Wa- ya mbele wanaiweka binadamu.

Hatua ya 4. Kisimulike kwa pumzi moja. Cha Irikha umeshakisikia chote hapo juu. Ukitaka kuandika paukwa pakawa ya kurasa mia kwa raha zako andika, ila usimgawie mtu.

Hatua ya 5. Mwiko. Hapa soma polepole maana hapa ndo niliharibu.

Kisasili kinamfikia mchezaji kupitia mwiko, kwasababu ndo kitu pekee anachokifanya kwa mikono yake mwenyewe. Toleo langu la kwanza lilisema moto wa Irikha haugusiki, asiye Ghoru akiugusa anakufa. Linasikika vizuri eh? Moto wenyewe ulikuwa taa ya betri ndani ya chungu, juu nimefunika karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa, usiku unapendeza balaa. Usiku wa kwanza akaja dogo mmoja, gemu yake ya kwanza, ametembea gizani peke yake, kaona mwanga, kaja kachuchumaa na kunyoosha viganja, kitu ambacho mtu yeyote angefanya akiona moto. Walinzi wetu wawili wakafuata mwiko. Hawakukosea wao, nilikosea mimi. Koti la uhusika wake alilishona kwa mkono miezi kadhaa, uhusika wenyewe ukadumu labda nusu saa, na gemu ile ukifa umekufa. Asubuhi nikamkuta amekaa ndani ya gari anawasubiri wenzake, koti kalikunja kaliweka mapajani. Sisi nasi hatukufaidi, habari zilienea, hakuna aliyetukaribia tena, siku mbili nzima tunalinda taa ya betri.

Si wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha? Basi lipe zimwi lako njia ya kumjua mtu. Mwiko ukiishia kwenye kifo mchezo nao umeishia hapohapo, ukiishia kwenye deni au swali mtu ana sababu ya kurudi kesho. Siku hizi kwetu mgeni akitaka kuongea karibu na moto anashika kaa, yaani jiwe la ukubwa wa ngumi tulilolipaka rangi nyeusi na michirizi ya chungwa. Irikha alinyamaza njia nzima, kwahiyo aliyeshika kaa halazimiki kujibu, ila akijibu ajibu kweli. Akidanganya linamuunguza. Nani atajua kama amedanganya? Yeye mwenyewe. Hakuna kanuni ya kurusha dadu wala uhai unaopungua.

Maonyo, na hapa sitanii. Mwiko uwe na dalili ambayo mgeni anaiona kabla hajauvunja, sisi tuna mstari wa mawe kuzunguka moto na mlinzi anayetoa mkoromo ukikaribia, dogo yule angeusikia angesimama. Mwiko usimpe mtu ruhusa ya kumshika mwenzake mwilini bila kukubaliana. Neno la kusimamisha mchezo linashinda miungu yote, likisikika kinyago kinavuliwa hapohapo, hata kama mpo katikati ya ibada. Na moto wa kweli ukae mbali na vinyago vya mpira na manyoya ya bandia. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama anaweza kubeba kaa halisi mdomoni kwa ajili ya picha. Hapana jamani.

Hatua ya 6. Acheni jambo moja ambalo mazimwi yenyewe hayakubaliani. Nusu yetu wanasema mwisho wa safari Irikha alilimeza lile kaa, kwahiyo moto umo ndani ya kila Ghoru, nusu wanasema alilitema na bado tunalitafuta. Nimeona watu wazima na meno yao ya plastiki wakigombania hilo saa nzima, mateka wa kibinadamu wamekaa katikati wanaombwa waamue.

Hatua ya 7. Usichukue dini ya watu walio hai ukaivalisha zimwi, wala rangi ya ngozi ya watu. Kijani ipo, kijivu ipo, bluu ipo. Hili sibishani na mtu.

Hatua ya 8. Jaribuni mkiwa mmevaa kila kitu. Kujaribu kwa simu sio kujaribu.

MASWALI

shoka_butu: Somo zuri mkuu. Naomba pdf ya visasili vyote vya mazimwi nikakopi.

Jibu: Hakuna pdf. Hatua ya 3.

ngao_ya_pili: Kwani zimwi linahitaji hadithi ya nini, si lipo lipigwe watu wasonge mbele?

Jibu: Ilianza hivyo, sikatai. Treasure Trap, moja ya gemu za laivu za mwanzo, ya 1982 kule Uingereza, kwenye kasri la Peckforton, watu walikuwa wanaingia vyumbani na mazimwi yanawasubiri yapigwe, na walifurahi. Ukitaka hivyo cheza hivyo, sio dhambi. Ila ndani ya hilo zimwi kuna mtu, naye kavaa kinyago chenye joto tangu asubuhi, mara ya kumi kuanguka chini na kusema "aaagh" inachosha. Umewahi kucheza upande huo wewe? Jaribu siku moja halafu rudi uniulize.

binti_ukungu: Mimi nina swali kuhusu hatua ya 3. Sisi tulishatunga kwamba dunia ni maiti ya jitu la kwanza, mwenzangu anasema imeshatumika sana tuifute. Tuifute?

Jibu: Msiifute dada. Imetumika kweli, Wababeli walisimulia Tiamat alivyopasuliwa nusu mbili, moja ikawa mbingu, na Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, wana jitu Ymir, damu yake bahari, mifupa yake milima, fuvu lake ndo anga. Lakini hao wote ukiwauliza zimwi linafanya nini asubuhi likiamka juu ya maiti hawakujibu, hapo pako wazi kwako. Kama mawe ni mifupa, mnaomba ruhusa kabla ya kukalia jiwe? Mkichimba shimo la kambi mnamwambia nani samahani? Mkimwona binadamu anapiga nyundo mwambani mnalia au mnamkamata? Chagua kimoja tu kifanyike kila siku. Na mmevaa nini mwilini, niambie nikusaidie zaidi.

binti_ukungu: Vinyago vya ngozi bila macho, tunaona kupitia kitambaa, usiku hatuoni karibu kitu.

Jibu: Aisee mmeshamaliza kazi hamjui tu. Hamuoni kwasababu nyie ni macho ya lile jitu na lenyewe limekufa. Kwahiyo usiku mnatembea mmeshikana mabega, na mgeni akitaka kuwapitisha mahali anawasimulia anachokiona. Hebu fikiria adui analazimika kuwaongoza msituni! Ila kwenye mapigano muwe na mtu mmoja asiye na kinyago wa kuwalinda, kweli kabisa, mtu asivunjike mguu.

binti_ukungu: Nimesisimka mpaka mikono. Asante sana.

KaptenGundi: Irikha umemkopi. Mambo ya kuiba moto yapo kila kona.

Jibu: Kuiba moto ndio kupo kila kona. Wagiriki wana Prometheus, Wamaori wana Maui aliyeutoa kwenye kucha za Mahuika, mungu wa moto. Sijasema moto nimegundua mimi. Nioneshe mwingine ambaye wajukuu zake wamekosa herufi b.

KaptenGundi: Nilikuwa nauliza tu mkuu.

Jibu: Hukuuliza, ulisema. Haya yaishe.

mkia_mfupi: Hizo chonge mnatengenezaje? Zangu za dukani zinadondoka nikipiga kelele.

Jibu: Zile chembe za plastiki zinazolainika kwenye maji ya moto, kama nyuzi 60 hivi zinakuwa kama unga uliokandwa. Unafinyanga chonge, subiri ipoe kidogo ndo uibane kwenye meno yako ishike umbo, ukiiwahi unaungua ufizi. Usile nazo, usilale nazo. Na usinywe chai ukiwa umezivaa! Mwenzetu alifanya hivyo, chonge ikalala kama mshumaa juani.

mzee_wa_sponji: Niongezee kwa faida ya wengine, rangi za uso za maji zinachuruzika na jasho, paka tabaka jembamba, ikauke, piga poda juu, halafu tabaka lingine. Rangi za kuta na za kuchorea picha msipake usoni jamani. Na mjaribu nyuma ya mkono siku moja kabla, gundi na mpira wa vinyago vinawapa wengine mzio.

Jibu: Hiyo ya mzio msiidharau. Asante mzee.

ngao_ya_pili: Sasa mtu akivunja mwiko anakufa au hafi?

Jibu: Hatua ya 5 umeisoma?

ngao_ya_pili: Nimepitia juujuu.

Jibu: Sawa.

moshi_mwembamba: Samahani, hii ya jiwe imenikaa kichwani tangu jana. Kama hakuna kanuni na hakuna anayejua, kuna mtu amewahi kudanganya kweli akiwa amelishika?

Jibu: Swali zuri, nilitaka mtu aulize. Yupo. Mmoja alikuwa anacheza mfanyabiashara, mdomo mtamu kupita kiasi, akashika kaa tukamuuliza kama ndiye aliyewauzia wawindaji ramani ya kambi yetu. Akasema hapana, kwa tabasamu. Tukanyamaza, sisi hatukuwa na habari, tulikuwa tunabahatisha tu. Akaendelea kuongea bei za chumvi, huku mkono unaanza kutetemeka, akalihamishia mkono wa pili, akalirudisha, sauti ikampanda, mwisho akalitupa akapiga yowe na kukimbia gizani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Walinzi wetu walisahau hata kumfukuza.

moshi_mwembamba: Akarudi?

Jibu: Kesho yake mchana, kiganja amekifunga kitambaa. Akaomba alishike tena.